Viduara vya Nuru kwenye Picha za Kit Mikayi na Imani ya Roho za Mahali

Picha zinazopigwa jioni na usiku kwenye miamba ya Kit Mikayi, huko Seme, kando ya barabara ya Kisumu kuelekea Bondo, huzua mjadala uleule kila zinaposambazwa kwa simu. Juu ya vichwa vya waumini waliokwenda mapangoni kufunga na kuomba, au mbele ya mwamba wenyewe, huonekana viduara vyeupe vinavyoelea, vingine hafifu, vingine vyenye ukingo mkali na madoa ndani yake ambayo jicho huyasoma upesi kuwa uso wa mtu. Wapo wanaosema hao ni juogi, roho za mahali pale, ambao hatimaye wamekubali kujionyesha. Wapo wanaosema ni vumbi tupu, na kwamba anayeona zaidi ya vumbi ni mshamba. Kwa maoni yangu kundi la kwanza limekosea kuhusu picha, na kundi la pili limekosea kuhusu karibu kila kitu kingine, na kwa kuwa makosa yote mawili yana madhara hapa kwetu, ni vyema tuyapime bila papara.

Tuanze na kamera. Taa ya flashi kwenye simu hukaa sentimita chache tu, pengine moja, kutoka kwenye lenzi, na kamera ndogo za dijitali zilizoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliundwa karibu vivyo hivyo. Flashi inapowaka gizani, humulika kwanza chochote kilicho hewani mbele kabisa ya lenzi, kabla ya kuufikia mwamba: chembe ya vumbi, tone la manyunyu, mvuke wa pumzi, au mdudu. Nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo chembe iliyo sentimita 5 kutoka kwenye taa hupigwa na mwanga mkali mara 10,000 kuliko unaoufikia mwamba ulio mita 5. Chembe hiyo imeikaribia lenzi mno hata haiwezi kutokea pichani kwa umbo lake halisi. Hutanuka ikawa duara, nalo duara hufuata umbo la tundu la lenzi linalopitisha mwanga. Katika kamera ambazo tundu hilo lina pembe, kiduara nacho huwa na pembe. Pete na madoa yanayoonekana kama macho na mdomo hutokana na jinsi mwanga unavyopinda na kuingiliana kwenye kingo za chembe.

Anayeishi Kisumu hahitaji kuambiwa hewa ya jioni ya ukanda wa ziwa hubeba nini. Vijidudu vya ziwani, sam kama Waluo wanavyoviita, huinuka juu ya maji kwa makundi makubwa yanayofanana na moshi, na baadhi ya jamii zake hutoka kwa wingi zaidi karibu na siku za mwezi mwandamo, yaani usiku ule ule wa giza ambao mpiga picha hulazimika kuwasha flashi. Ongeza vumbi la kiangazi linaloinuliwa na miguu ya watu wanaoimba na kucheza, na utakuwa umepata karibu kila kinachohitajika.

Wanaoamini wana hoja zao, na si haki kuzipita. Hoja ya kwanza ni kwamba waliokuwepo hawakuona vumbi lolote. Ni kweli hawakuliona, kwa sababu chembe moja iliyo karibu na lenzi gizani haionekani kwa macho, na mwanga unaoifichua hudumu sehemu ndogo ya sekunde. Hoja ya pili ni kwamba viduara huongezeka maombi yanapopamba moto. Hilo nalo laweza kuwa kweli, lakini maombi yanapopamba moto ndipo watu huruka, hupiga makofi, huhema, na hupiga picha nyingi zaidi. Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito: kuna picha ambamo kiduara huonekana kimejificha nusu nyuma ya tawi au nyuma ya bega la mtu, jambo linaloashiria kwamba kilikuwa mbali, si kwenye lenzi. Zikitazamwa kwa kuzikuza, picha nyingi za aina hiyo huonyesha kwamba tawi lenyewe lilimulikwa sana, na kwa kuwa kiduara ni hafifu na mwanga hupenya ndani yake, weupe wa tawi umekifunika. Jicho husoma hali hiyo kuwa umbali.

Lipo jaribio ambalo halihitaji mtaalamu. Watu wawili wasimame bega kwa bega, wapige picha ya mwamba uleule kwa wakati mmoja. Kitu kikubwa kinachoelea mita kadhaa mbele kitatokea katika picha zote mbili, karibu mahali palepale. Chembe iliyo mbele ya lenzi moja itatokea katika picha moja tu. Mwenye imani anaweza kujibu kwamba roho ilichagua kamera moja ikaikataa nyingine. Anayo haki ya kusema hivyo, ila baada ya jibu hilo hakuna picha yoyote inayoweza kumthibitisha wala kumpinga, na kwa hiyo picha imekoma kuwa ushahidi.

Hoja inayonishawishi kuliko zote ni nyingine. Viduara vya Seme havitofautiani na vile vinavyopigwa juu ya Nakuru, kwenye kreta ya Menengai, ambako mvuke hutoka ardhini, watu huenda mapangoni kuomba, na wenyeji wana masimulizi ya watu waliopotea na pepo wanaoishi humo. Havitofautiani pia na viduara vinavyoonekana katika picha za harusi kwenye kumbi za Nairobi, au katika maegesho ya magari huko London usiku wa mvua. Kama hawa wangekuwa roho wa mahali, tungetazamia wabadilike mahali panapobadilika. Kinachowabadilisha ni aina ya kamera: umbali wa flashi na lenzi, ukubwa wa tundu. Kitu kinachoifuata kamera popote iendapo ni mali ya kamera.

Nasema haya bila kumwita mtu yeyote mwongo, na hapo ndipo mjadala wa leo unapotofautiana na wa zamani. Mpiga picha William Mumler wa Boston aliwauzia wafiwa picha zenye vivuli vya marehemu wao katika miaka ya 1860, na mwaka 1869 alishtakiwa New York kwa ulaghai, ingawa aliachiliwa. Mwaka 1917 wasichana wawili wa Cottingley, Uingereza, walipiga picha zilizodaiwa kuwaonyesha viumbe wadogo wa porini wenye mabawa, na mwandishi maarufu Arthur Conan Doyle aliziamini na kuzitetea hadharani. Ilikuwa mwaka 1983 ndipo waliokuwa wasichana hao walipokiri kwamba viumbe wale walikuwa michoro iliyokatwa kwenye karatasi. Visa hivyo vilikuwa na udanganyifu ndani yake. Mama anayetuma picha ya mkesha wa Kit Mikayi kwenye kundi la kanisa hajadanganya lolote, na anayemjibu kwa dharau anamkosea.

Sasa tuwageukie wenye kukejeli. Wakishaeleza kiduara, huona wameshamaliza habari yote ya roho, kana kwamba imani hiyo ilisimama juu ya picha. Haikusimama hapo kamwe. Nyawawa, roho ambao watu wa kando ya Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, huwafukuza kwa kupiga sufuria, madebe na mabati, hujulikana kwa sauti inayopita na upepo. Onyango Dunde wa Alego, aliyeanzisha dini ya Mumbo mwaka 1913, alisema alimezwa na nyoka mkubwa wa ziwani kisha akatemwa na kupewa ujumbe. Misambwa, roho wa Waluhya, huhusishwa na wahenga, na vilima, na wajibu wa walio hai. Elijah Masinde alipoongoza Dini ya Msambwa katika miaka ya 1940, imani hiyo ilikuwa na nguvu ya kutosha kuitia hofu serikali ya kikoloni hadi ikaipiga marufuku mwaka 1948. Katika mapokeo hayo roho hujulikana kwa sauti, ndoto, ugonjwa na agizo. Sijapata mahali roho alipojitambulisha kwa kuwa duara jeupe.

Ndiyo maana nawasihi wanaoamini wasiitundike imani yao kwenye picha. Imani ya zamani ilimdai mtu kitu: jinsi ya kuukaribia mwamba, mti gani usiguswe, maneno gani yasitamkwe. Mti wa murembe, ambao Waluhya waliutumia kuapia, haukuwa mti wa kukatwa ovyo, na vichaka vya tohara vya Watiriki, jamii mojawapo ya Waluhya, vilibaki na miti kwa sababu si kila mtu aliruhusiwa kuingia. Sitaki kulitia chumvi jambo hili. Vilima vya Maragoli vilipoteza msitu wake, na heshima ya mababu haikuzuia shoka. Lakini kijana aliyefundishwa kwamba roho wa mahali wamethibitishwa na simu, siku atakapojifunza habari ya vumbi na flashi, atatupa vyote viwili, pamoja na ile heshima iliyokuwa na maana bila picha yoyote.

Jambo moja linanipa hofu kubwa zaidi. Kamera za ulinzi zinazotumia mwanga usioonekana kwa macho hunasa kila usiku wadudu na nyuzi za buibui zilizo karibu na lenzi, zikatokea kama mipira ya mwanga inayokatiza uwanja, na video hizo husambazwa kwa maneno kwamba ni jini au mchawi. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Hakuna kamera iliyohusika pale, lakini katika eneo ambako tuhuma tupu inatosha kumwua ajuza, kiduara cha mwanga juu ya paa la nyumba ya mtu anayejulikana kwa jina si burudani. Kwa hiyo anayesambaza picha au video ya namna hiyo aambatanishe habari zake zote: kama flashi ilikuwa imewashwa, hewa ilikuwaje, na picha nyingine zilizopigwa dakika ileile ambazo hazina kiduara. Na kama kuna nyumba ya mtu ndani yake, asiisambaze kabisa.