Kabla ya Kudai Samoni Zaidi, Mpasue Tumbo Uliyemvua

Saa kumi na nusu alfajiri, mwezi wa nane, bandari ya Ludington, kwenye Ziwa Michigan huku Marekani, imejaa taa. Boti zinashushwa majini moja baada ya nyingine, watu wanaongea kwa sauti ya chini, harufu ya kahawa imechanganyika na ya petroli. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria, nimekulia mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, kwa hiyo asubuhi ya wavuvi siihitaji mkalimani. Siku hizi naishi Grand Rapids, mwendo wa chini ya saa moja kutoka Ziwa Michigan, na kila kiangazi natafuta nafasi kwenye boti ya rafiki ili nikavue samoni. Uvuvi huu naupenda kwa dhati. Ndiyo maana kelele ninazozisikia gatini mwaka baada ya mwaka zinanikera: serikali ya jimbo imetunyima samoni, ipandikize vifaranga zaidi, ituongezee kama zamani.

Mimi nasema hapana. Lakini kwanza nieleze uvuvi wenyewe, kwa ajili ya ndugu zangu wa mialoni ambao hawajauona.

Hapa hakuna kutupa wavu wala kukaa mahali pamoja ukisubiri. Boti inatembea muda wote, maili mbili mpaka mbili na nusu kwa saa, kasi ya mtu anayetembea bila haraka, huku ikiburuta mishipi nyuma na ubavuni. Sheria ya Michigan inamruhusu kila mvuvi mishipi mitatu. Mkiwa watatu, mnaburuta tisa, na kazi kubwa ya nahodha ni kuhakikisha hiyo tisa haisukani. Kila mmoja una njia yake ya kushuka. Baadhi inashushwa kwa waya wenye chubwi ya risasi ya kilo tano hivi: mshipi unabanwa kwenye kibanio karibu na chubwi, chubwi inazama mpaka kina unachokitaka, na samaki akikamata chambo, mshipi unachomoka kwenye kibanio, ukabaki wewe na yeye tu. Mingine inavutwa na visahani vinavyozama vyenyewe kwa mwendo wa boti. Mingine ina kiini cha risasi ndani yake, na kadiri unavyoachia ndivyo inavyozidi kushuka. Kuna na vibao vidogo vinavyoelea, vinavyoipeleka mishipi mbali kushoto na kulia, mahali ambapo mlio wa injini haujawatisha samaki.

Chambo ni bati lenye umbo la kijiko. Kabla jua halijatoka tunatumia vile vilivyopakwa rangi ya kung'aa gizani. Unakimulika kijiko kwa tochi, unakishusha, na huko chini kinawaka kama kimulimuli.

Jambo linalowashinda wageni wengi ni joto la maji. Kiangazi, ziwa hili linakuwa na tabaka mbili, la juu vuguvugu na la chini baridi. Samoni mkubwa, yule wanayemwita chinuki, anatafuta maji ya nyuzi kama 10 mpaka 13 za Selsiasi. Leo yanaweza kuwa mita 25 chini. Upepo wa kaskazini ukivuma siku mbili mfululizo, maji ya juu yanasukumwa kuelekea Wisconsin, ya baridi yanapanda upande wetu, na samoni unaweza kuwakuta karibu kabisa na gati. Nahodha mzuri anajua upepo wa juzi kuliko anavyojua mashine yake ya kutafutia samaki. Hilo nililielewa siku ya kwanza, maana kwetu pia hakuna mvuvi anayetoka bila kuuliza ziwa limelalaje.

Na samoni akishika! Fimbo inapinda mpaka ncha inagusa maji, gurudumu la mshipi linalia, watu wote botini wanapiga kelele. Agosti 2021, huku huku karibu na Ludington, alivuliwa chinuki wa kilo 21.7, rekodi mpya ya jimbo la Michigan. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya mwaka 1978. Kila mtu gatini anaamini wa kwake bado yuko majini, na mimi ni mmoja wao.

Sasa, watu wanaodai samoni zaidi wanasahau kwamba samoni si samaki wa ziwa hili. Ni samaki wa Bahari ya Pasifiki. Mwenyeji hapa ni trauti wa ziwa, aliyekuwepo tangu barafu ya kale ilipoyeyuka. Huyo ndiye aliyekuwa mla samaki mkubwa, mpaka mfereji wa Welland ulipowapa viumbe wa baharini njia ya kuyakwepa maporomoko ya Niagara. Akapita lamprei, mnyama mrefu kama mkunga, asiye na taya, mwenye mdomo wa duara uliojaa meno, anayejibandika ubavuni mwa samaki na kumfyonza damu. Alionekana Ziwa Michigan mwaka 1936. Kwa meno yake na kwa nyavu za wavuvi waliovua bila kiasi, kufikia miaka ya 1950 trauti wa ziwa walikuwa wametoweka katika ziwa hili.

Kwa njia hiyo hiyo alikuja pia samaki mdogo wa rangi ya fedha kutoka Atlantiki, alewaifu. Ukimwona utasema ni dagaa aliyenenepa. Alionekana Michigan mwaka 1949, akakuta mla samaki hayupo, akazaana mpaka ziwa likawa lake. Kiangazi cha 1967 walikufa kwa wingi kiasi kwamba fukwe zilifunikwa na mizoga, ikabidi waondolewe kwa matrekta. Wazee wa hapa bado wanausimulia uvundo ule.

Howard Tanner, aliyekabidhiwa idara ya uvuvi ya jimbo mwaka 1964, alikuwa ameshaliona jawabu. Aliagiza mayai ya samoni aina ya koho kutoka Oregon, na masika ya 1966 vifaranga wakaachiliwa mto Platte. Mwaka uliofuata wakaletwa chinuki. Koho walikula alewaifu wakanenepa kwa kasi ya kutisha, na vuli ya 1967 watu walimiminika kwenye ghuba ya Platte kwa kila aina ya chombo, hata vijitumbwi visivyofaa kutoka nje ya ghuba. Tarehe 23 Septemba dhoruba iliwakuta huko. Watu saba walikufa. Ziwa likarudi kuwa na mla samaki, miji ya pwani ikapata watalii, na uvuvi huu wa kuburuta vijiko ukawa kazi ya maelfu ya watu.

Mimi simlaumu Tanner. Alikuta ziwa lililooza, akalitibu kwa dawa iliyokuwepo. Ila dawa ile ilifanya kazi kwa sababu chakula kilikuwa tele, na chakula hicho sasa kimepungua. Wakati watu wakihesabu samoni, meli zilileta kome wadogo kutoka upande wa Bahari Nyeusi, ndani ya maji zinayobeba ya kuzisawazisha. Hao wanaoitwa kwaga walionekana Ziwa Michigan mwaka 1997, na leo wametanda sakafuni. Kazi yao ni kuchuja maji usiku na mchana na kula vijimea vidogo vya kijani ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula chote cha ziwa. Maji yamekuwa maangavu, watalii wanayasifu. Mtu aliyekulia ziwani anajua kwamba maji maangavu kupita kiasi ni sufuria tupu.

Ukitaka kuona mwisho wa habari hii, vuka jimbo uende upande wa mashariki, Ziwa Huron. Mwaka 2003 na 2004 alewaifu wa kule waliporomoka: wameliwa na samoni wengi mno, na kome wamewakausha chakula. Chinuki, ambaye karibu hali kitu kingine, akakonda, kisha akaisha. Wenye boti za kukodisha walifunga. Wauza chambo walifunga. Hilo halikuwa jambo la miaka mia iliyopita, ni juzi tu, na waliolipata ni majirani zetu.

Kwa hiyo mwaka 2013, majimbo yanayozunguka Ziwa Michigan yalipopunguza karibu nusu ya chinuki wanaopandikizwa, walifanya jambo la busara, tena la ujasiri, maana walijua watatukanwa. Na bado kuna jambo ambalo wadai samoni hawalitaji: zaidi ya nusu ya chinuki wa ziwa hili hawatoki kwenye mabwawa ya serikali. Wanazaliwa mitoni wenyewe. Ukiongeza vifaranga, unawaongeza juu ya wale ambao hakuna anayeweza kuwapunguza. Wataalamu wanawapima uzito samoni wanaorudi mtoni kuzaa, pale kizuizi cha mto Little Manistee, na wanalinganisha wingi wa wanaokula na wingi wa wanaoliwa. Samaki wakiwa wanene na alewaifu wakiwepo wa rika mbalimbali, waongezwe kidogo. Wakikonda, wapunguzwe. Mimi sijaona ubaya wa utaratibu huo. Mchungaji yeyote hupima malisho kabla ya kununua ng'ombe.

Jioni moja nilimweleza habari hii mzee mmoja wa kanisani kwetu. Wakongo ni wengi hapa Grand Rapids, na yeye ni mtu wa Kalemie, amevua Tanganyika tangu utoto, ziwa ambako dagaa huitwa ndagala na mikebuka ndiye anayewala. Nilimaliza maelezo yangu marefu, akanyamaza kidogo.

"Sasa kijana wangu, hao alewaifu ndio ndagala wa huku?"

"Ndiyo, Papa. Kama ndagala."

"Na huyo samoni ni mikebuka."

"Kabisa, Papa."

"Basi wanagombea nini? Ndagala ikiisha, mikebuka atakula mawe?"

Sikuwa na la kuongeza. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, na wavuvi ambao hawana mshahara mwingine wakafunga mkanda. Huku mtu mwenye boti inayozidi bei ya nyumba za mwalo wetu mzima anaona ameonewa akirudi na samaki watatu badala ya watano. Nayasema haya kwa uchungu, maana wengi wao ni rafiki zangu na wamenifundisha mengi.

Na mimi natoka kwenye ziwa lenye mgeni wake. Sangara aliletwa Victoria miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa amelijaza. Bibi yangu aliwajua furu, samaki wadogo wenyeji wa ziwa letu, kwa majina ambayo mimi sina samaki wa kuyaambatanisha nayo. Sangara ametujengea nyumba na kutusomesha, siwezi kumtukana, na hakuna njia ya kumrudisha alikotoka. Lakini nimeona tangu utotoni jinsi mgeni mkubwa anavyomfanya kila mtu asahau kuuliza kuhusu wadogo.

Ndiyo sababu nina neno kuhusu trauti wa ziwa, ambaye baada ya kutoweka alirudishwa kwa kupandikizwa. Gatini anadharauliwa. Wanasema hapigani, nyama yake mafuta matupu, na akishika mshipi kuna watu wanaguna. Mwaka 2016 lilipotoka pendekezo la kupunguza zaidi chinuki wanaopandikizwa, wavuvi wengi walitaka apunguzwe yeye badala yao. Ni dhuluma. Huyu ni mwenyeji, na tena ana akili ya kuishi: anakula gobi, samaki mdogo wa sakafuni ambaye naye anakula kome, kwa hiyo chakula kilichozama chini kinapandishwa juu kupitia tumbo lake. Chinuki hana ujanja huo. Kuna jingine ambalo mimi lilinishangaza nilipolijua. Alewaifu ana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na trauti jike akimla kwa wingi, mayai yake yanakosa vitamini hiyo na watoto wanakufa. Alewaifu walipoisha Huron, trauti wadogo waliozaliwa ziwani wakaanza kuonekana tena. Walichokilia watu wa samoni, kwake kilikuwa nafuu.

Kumvua kunahitaji subira. Unapunguza mwendo mpaka maili moja na nusu, unashusha chubwi mpaka karibu na sakafu, na unaisikia ikigonga mchanga. Nachagua wadogo, maana wakubwa wamekaa miaka mingi wakikusanya kemikali mwilini na idara ya afya ya jimbo inashauri kutowala mara kwa mara. Namtoa ngozi na mafuta, nambanika kwa moshi taratibu, halafu naingia naye kwenye mchuzi wa nyanya na ndimu. Kwa ugali, mimi sioni kasoro yake.

Ombi langu kwa wenzangu wa gatini ni moja, na halihitaji pesa. Kila unayemvua, mpasue tumbo palepale kwenye meza ya kusafishia samaki na uangalie. Alewaifu wangapi, wa ukubwa gani, wote wakubwa au wapo na wa mwaka huu? Andika. Ukienda kwenye mkutano wa uvuvi kudai, nenda na daftari hilo mkononi.

Langu ninalo. Jumamosi iliyopita tulileta chinuki watatu. Wa kwanza alikuwa na alewaifu sita, wa pili wawili, wakubwa wote. Wa tatu, kilo saba, hakuwa na kitu tumboni. Vichwa nilimpelekea mzee wa Kalemie, akavipokea mlangoni kwa mikono miwili, na kabla hata hajanikaribisha ndani aliuliza yule wa tatu ni kichwa kipi.