Farasi wa Kompyuta Hana Mapafu

Ingia kibanda chochote cha kubeti Nairobi Jumapili saa nane mchana. Kwenye kioo farasi sita wa katuni wanakimbia juu ya majani ya kijani kupita kiasi, na mbele ya kioo watu wazima wenye akili timamu wanapiga kelele: "Namba nne! Twende namba nne!" Namba nne haendi popote. Programu ya kuchagua namba imeshaamua, na picha inachorwa ili mtu apate cha kutazama akiliwa pesa. Dakika chache baadaye inaanza nyingine. Wakati huo huo, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, farasi wa nyama na damu wanatembezwa polepole kabla ya kuwekewa tandiko, na jukwaa lina viti vitupu.

Nisiwe mnafiki, siandiki haya kwa sababu kubeti ni dhambi. Linalouma ni kuona mtu akitoa mia mbili zake kwenye mbio ambazo hakuna mtu yeyote duniani anayeweza kuzijua, huku akidharau zile ambazo jicho lake lingemsaidia.

Wengine watasema mbio za farasi "ni mambo ya wazungu." Sawa, yalikuwa. Kabla ya Ngong Road mbio zilikuwa upande wa Kariokor, na ndiyo sababu mji una Racecourse Road isiyo na farasi hata mmoja, ila matatu, maduka ya vipuri na kanisa la St Peter Claver. Uwanja wa sasa ulifunguliwa 1954, mwaka ule ule wa Operesheni Anvil, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwakusanya Waafrika wa Nairobi kwa maelfu na kuwapeleka kizuizini. Walowezi walipata jukwaa jipya, wenyeji wakapata seng'enge. Simwombi mtu asahau hilo. Beryl Markham, mkufunzi wa farasi maarufu kuliko wote waliopita hapa, alizeekea katika nyumba ndogo karibu na uwanja huo na kufariki 1986, na tangu hapo wageni wanaandika kana kwamba historia ilikoma naye. Haikukoma. Anayeamka kabla ya jua kumpa farasi shayiri, kumkwangua kwato, kumsugua mgongo na kumpapasa miguu yote minne kutafuta joto lisilo la kawaida ni saisi, na saisi ni Mkenya ambaye jina lake haliandikwi kwenye kikombe. Ukiwaita farasi "mambo ya wazungu", huyo ndiye unayemfuta.

Basi hebu tuseme kuna nini cha kujua.

Fika mapema, usikimbilie jukwaani. Simama kwenye uzio wa mahali farasi wanapotembezwa na uwaangalie wakipita angalau mara tatu. Farasi mzuri anatembea kwa ulegevu, na kwato ya nyuma inakanyaga mbele ya alama iliyoachwa na kwato ya mbele ya upande ule ule. Anayekanyaga kwa hatua fupi za kubana huenda ana misuli iliyokaza, au ana maumivu. Manyoya yang'ae bila kulowa. Jasho kidogo shingoni siku ya jua kali si neno, lakini povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma wakati kuna baridi ni dalili kwamba anakimbia mbio zake kabla hazijaanza. Mbavu mbili tatu za mwisho zionekane kidogo tu. Zikionekana zote amepungua, zisipoonekana hata moja bado ana mafuta ya mapumziko. Ukiona watu wawili wanamshika mmoja huku mkia unachapa bila inzi, weka pesa mfukoni.

Kisha soma uzani. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika mbio za kusawazisha, farasi aliyeonyesha uwezo mkubwa anabebeshwa mzigo mkubwa, ili kwa hesabu ya karatasi wote wafike pamoja. Joki, yaani mpanda farasi, akiwa mwepesi kuliko uzani uliopangwa, vipande vya madini ya risasi vinatiwa kwenye mifuko ya kitambaa cha chini ya tandiko. Kwa makadirio ya haraka, katika mita 1,600, kilo moja ni karibu urefu wa farasi mmoja, yaani mita 2.4 hivi. Kwa hiyo farasi aliyeshinda mara ya mwisho kwa nusu ya urefu huo, na leo ameongezewa kilo tatu dhidi ya yule yule aliyemfuata, si yule unayemdhani. Umbali ukizidi, kila kilo inauma zaidi. Jina zuri halipunguzi hata gramu.

Halafu mapafu. Farasi hapumui kwa mdomo, anapumua kwa pua peke yake, na akiwa mbioni kila hatua kamili inakwenda na pumzi moja. Hawezi kuongeza pumzi bila kubadilisha hatua. Wengu wake una akiba ya chembe nyekundu za damu anayoimwaga anapoanza kukimbia. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Derby ya Kenya ni mita 2,400. Farasi anayepigana na joki, kichwa juu, mdomo wazi dhidi ya lijamu katika mita 800 za kwanza, anatumia leo pumzi ambayo ataitafuta kwenye mita 200 za mwisho. Mtazame joki wake: mikono ikitulia chini kwenye mabega ya farasi, kuna kitu kimebaki. Ikianza kusukuma mapema, wewe anza kuhuzunika mapema. Niambie ni kipi kati ya hayo kinaweza kuonekana kwa farasi wa katuni.

Mvua nayo. Miezi ya masika ardhi inalainika, kwato inazama, na farasi mwenye mwendo wa kuruka juu juu anachoka haraka kuliko mwenye nguvu za kuchimba. Kiangazi ardhi ikikaza, mwenye matatizo ya miguu hataki kujinyoosha. (Kikuyu, majani ya nyanda zetu za juu ambayo mkulima hapa anayang'oa kwa hasira, ndiyo waliyopanda kwenye uwanja wa mbio wa Randwick kule Sydney ili farasi wa bei mbaya wakimbie juu yake. Sisi tunayalisha ng'ombe.)

Uchache wa farasi ni lalamiko la haki. Wakati mwingine wanakimbia watano au sita tu. Lakini nchi hii ina mbung'o, ina kupe, na ina homa ya farasi wa Afrika inayoenezwa na visubi, ambayo huua wengi sana wa wasiochanjwa. Kinga ni chanjo, na kuwafungia ndani kabla ya jua kuzama hadi asubuhi. Kila farasi unayemwona pale amepita kwenye tundu la sindano.

Na ndiyo, wanaumia, na mara nyingine mguu ukivunjika hakuna tiba. Asiyetaka kutazama kwa sababu hiyo simbishii.

Kuhusu pesa, mwenye mchezo anakula kotekote. Jaribu hivi: farasi sita, kila mmoja nne kwa moja, yaani mia inarudi mia tano. Weka mia kwa kila mmoja. Umetoa mia sita, utarudishiwa mia tano yeyote akishinda. Hiyo mia ndiyo kodi yako. Kwenye toti, mfumo wa kubeti wa uwanjani, dau zote zinaingia kapu moja, waandaaji wanachukua fungu lao, kinachobaki wanagawana walioshinda. Kwa hiyo kipenzi cha wote kinalipa makombo hata kikishinda. Tofauti na kibanda ni kwamba hapa unashindana na watazamaji wenzako, na wengi wao wamekuja kupigwa picha na kofia. Na kati ya mbio moja na nyingine kuna karibu nusu saa ya kutafakari. Kibanda hakikupi hata muda wa kumeza mate.

Matatu ya 111 inapita langoni. Nunua karatasi ya programu kabla ya bia. Farasi wakivuka mstari usichane tiketi, hata kama wako amefika wa pili. Joki lazima arudi kwenye mizani na tandiko lake, na mshindi akipungua uzani anaondolewa. Tiketi nyingi zilizostahili kulipwa zimeokotwa na mfagiaji.