Unaenda Kutembea kwa Nani?

Nimezaliwa Temeke, nimekulia Temeke, na maisha yangu yote nimetembea kwa miguu kwa sababu moja tu: nauli imekwisha. Sisi mtaani kwetu ukimwona mtu mzima anakata barabara kwa miguu saa nane mchana, humpi hongera. Unamsogelea pembeni, unamwuliza kwa sauti ya chini, "Vipi kaka, mambo yamebana?" Sasa naomba mtu anieleze ilikuwaje nikatoa hela yangu halali, nikakaa kwenye basi siku nzima, kwenda kutafuta mahali pa kutembea kwa miguu.

Ilianzia zahanati. Nilipima presha, na daktari, kijana wa juzi tu, akakitazama kitambi changu kama konda anavyotazama mzigo ambao haujalipiwa. "Mzee, inabidi uwe unatembea." Nikamwambia natembea sana, kutoka kituo cha daladala mpaka ofisini. Akaandika kitu, hakunijibu. Kosa langu likawa kumsimulia mama watoto. Yeye alikuwa ameshaona kwenye simu picha za wenzake wa kikoba, wamesimama juu ya jiwe huko Lushoto, mikono wameitanua kama wameanikwa. "Baba watoto, nenda Lushoto. Si Kilimanjaro, ni vilima vya upole tu. Na basi linafika mpaka mjini." Nikasema basi twende wote. Akasema presha ni ya kwangu.

Buti nikanunua za mtumba. Muuzaji aliapa kwa mama yake mzazi kwamba kile ni kiatu cha mlimani, kimetoka Ulaya, kimeshapanda milima yote ya huko. Nikafurahi. Akili ilinijia baadaye: kama kimeshapanda yote ya huko, kimebakiza nguvu gani ya kupanda ya huku?

Stendi ya Mbezi nilifika saa kumi na moja alfajiri, maana tiketi iliandikwa saa kumi na mbili. Mpiga debe akanipokea begi kwa mapenzi ambayo sijayapata hata ukweni. "Lushoto, baba, panda, gari inatoka sasa hivi!" Hiyo sasa hivi ilitoka saa moja na nusu. Tukaenda, Chalinze hiyo, filamu ya mapigano ikaisha, ikaanza tena ileile. Sehemu fulani kabla ya Segera konda akatangaza dakika tano za kuchimba dawa, na mimi na umri wangu huu, mtu mwenye binti kidato cha nne, nikajikuta nimejificha nyuma ya kichaka kisichofika kiunoni, natazamana na abiria wa basi lingine linalopita. Wakanipungia. Nami nikapunga, ningefanyaje?

Hayo yote ni utani. Safari yenyewe inaanzia Mombo. Pale basi linaiacha barabara kuu ya Arusha na joto lake, linageuza pua kuelekea mlimani, kilomita 33 mpaka Lushoto, na sidhani kama kuna hata moja iliyonyooka. Waliofungua hiyo njia ni Wajerumani. Walikuwa wamechoka na jua la pwani, wakapanda kutafuta baridi, na mji wakauita Wilhelmstal, kwa jina la Kaizari wao. Baridi nawaelewa. Ila hizo kona! Kila kona pua ya basi inachungulia bondeni, halafu inakata dakika ya mwisho, na mbele yenu linatokea Fuso limejaa kabichi mpaka juu, nalo linataka palepale. Cha kuniudhi zaidi, wenyeji wote wamelala. Jirani yangu alikuwa anamenya chungwa kwa kisu. Kwa kisu, kwenye kona! Mimi peke yangu nilikuwa nakanyaga breki isiyokuwepo, kona baada ya kona, mpaka tunapita Soni misuli ya mapaja inatetemeka. Kama daktari alitaka mazoezi, angenihesabia hayo nikarudi nyumbani.

Asubuhi ikanikuta gesti, mwezi wa saba, nimevaa nguo zote nilizobeba. Niliambiwa maji ya moto yapo. Yapo kweli, kwenye ndoo, na ukishajimwagia kopo la kwanza hilo la pili limeshapoa. Nje kuna vijana wanaotembeza wageni. Mmoja akaniambia kwa adabu tu, "Mzee, nikupeleke Irente? Au Magamba, msituni, ukaone mbega?" Nikamwambia mwanangu, nilipe mtu anioneshe barabara ambayo naiona? Irente ni kilomita kama sita, njia moja. Nikakamata fimbo, nikatoka.

Sikufika hata nusu saa, nyuma yangu akaja bibi mmoja, kandambili miguuni, mzigo wa kuni kichwani, mikono haishiki chochote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Waenda wapi?"

Nikajibu bila kufikiri, "Naenda kutembea."

"Kwa nani?"

Hapo ndipo nilipokwama. Maana kwa Kiswahili chetu mtu akisema anaenda kutembea, anaenda kwa mtu: kwa shangazi, kwa rafiki, kwa wakwe. Hakuna anayeenda kutembea kwa hakuna. "Si kwa mtu, bibi. Natembea tu."

Bibi akasimama. "Umetoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Umetoka Dar es Salaam mpaka huku, na hujui unakwenda kwa nani?"

"Daktari ndiye aliyeniambia nije."

"Daktari anakaa Irente?"

Nikasema hapana, nina presha. Akanitazama buti, akanitazama fimbo, akanitazama begi mgongoni, akaona mambo yangu ni mazito kuliko kuni zake. "Pole, baba," akasema, kisha akanipita. Bibi wa miaka sabini na zaidi, na kuni, na kandambili, akanipita mlimani kama pikipiki inavyoipita bajaji. Nikajaribu kumfuata mpaka kona ya pili. Alipopotea nikakaa kwenye jiwe, nikajifanya natazama mandhari.

Watoto nao wakanikuta palepale. Mdogo kabisa akapaza sauti, "Mzungu!" Nikageuka nyuma kumtafuta. Hakuna mtu. Mzungu ni mimi, mweusi kama sufuria la shughuli, ila nina begi na fimbo na sielekei kokote, kwa hiyo hesabu ya mtoto imemjia sawasawa. Nikauliza bado mbali? "Hapo tu," wakasema, wakanionesha na njia ya mkato. Hapo tu ya Msambaa msiiamini, nawaomba. Ile njia ya mkato ilikata kila kitu, ikiwemo pumzi na soli ya buti la kulia. Kiatu kikafungua mdomo kama mamba. Mvulana mmoja akachuna kamba ya mgomba, akanifunga buti kwa ustadi wa kumfunga mbuzi, hakutaka hata senti. Nikaendelea, mguu mmoja Ulaya, mmoja shambani.

Haya, Irente nilifika, na sitaki kuwa mnafiki. Unafika kwenye mwamba, ardhi inaisha. Chini kama mita elfu moja kuna Mazinde na nyika inayokwenda mpaka macho yanakataa, na mashamba ya mkonge yamechanwa mistari kama kichwa cha binti anayesubiri kusukwa. Huo mkonge aliuleta Mjerumani mmoja, Hindorf, mwaka 1893, na inasemwa miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Miche 62! Mimi mchicha wangu wa nyuma ya nyumba nimepanda mara tatu, mara tatu umeliwa na kuku wa jirani. Katikati ya hiyo nyika kuna barabara, na barabarani kuna kitu kinatambaa kama mende. Nikakodoa. Basi la Dar. Watu wamekaa kwenye viti, wanarudi kwao, na mimi niko juu na kamba ya mgomba mguuni. Nikatanua mikono nipige ile picha ya kikoba. Upepo ukachukua kofia. Kwa ninavyojua mpaka sasa iko Mazinde.

Kurudi, soli ikaaga kabisa. Nachechemea barabarani, nasikia sauti uani, chini ya mparachichi: "Wewe wa kutembea!" Yule bibi. Kuni zake zimeshakuwa moto, na juu ya moto kuna chungu cha makande. Nikaketishwa kwenye kigoda. Mjukuu akachukua buti na sindano ya kushonea magunia. Babu mwenye nyumba akaniuliza habari za Dar, halafu, bila kuombwa, akanipa za Mbegha, yule mwindaji aliyekuja milima hii zamani akiwinda nguruwe pori, mgeni asiye na mtu, akawa anawagawia wenyeji nyama, mpaka wakamfanya mfalme wao, Simba Mwene. Alipomaliza akanitazama. "Na wewe umekuja na nini?"

Nikafungua begi. Biskuti, nusu pakiti, nazo zimepondeka. Tukagawana, kila mtu na unga wake kiganjani.

Ufalme sikupewa. Nilipewa kabichi tano, kubwa, na nikakatazwa kukataa. Zilirudi Dar chini ya viti vya basi, na kati ya Lushoto na Mombo kila kona zilikuwa zinabingirika upande mmoja wa basi kwenda mwingine, na mimi na konda tunazifukuza. Abiria wengine wamelala.

Jumatatu nikaingia kazini natembea kama bata. Mlinzi wa getini akanisimamisha. "Mzee, ulipotelea wapi?"

"Nilienda kutembea Lushoto."

"Kwa nani?"

"Kwa bibi yangu mmoja, pale Irente, penye mparachichi. Kanipa kabichi tano."

Akaridhika kabisa. Akauliza kama imebaki hata moja.