Ujuzi wa Zamani Ndio Unaofupisha Njia ya Kazi Mpya

Mtu aliyechoshwa na kazi ya zamu, au na mshahara usiosogea mwaka hadi mwaka, hachelewi kukutana na tangazo la kozi fupi linaloahidi taaluma mpya, kipato kikubwa na uhuru wa kujipangia saa. Wapo waliopita njia hiyo wakafanikiwa, na siwezi kuwakanusha. Ninachokipinga ni dhana iliyojificha ndani ya tangazo lenyewe, kwamba mwenye miaka kumi kazini hana kitu cha thamani mpaka kozi impatie. Kwa maoni yangu njia fupi ipo kweli, lakini ni fupi kwa yule tu anayehama pamoja na ujuzi wake.

Ushahidi mmojawapo uko katika cheti cha usimamizi wa miradi kinachojulikana kwa ufupi kama PMP. Kwa miaka mingi taasisi inayokitoa, Project Management Institute, imekuwa ikidai saa 35 tu za mafunzo, ilhali kwa upande wa uzoefu imetaka miezi 36 ya kuongoza miradi kwa mwenye shahada ya chuo kikuu, na miezi 60 kwa aliyeishia sekondari. Uzoefu huo si lazima uwe umepatikana chini ya cheo cha meneja wa miradi. Muuguzi aliyesimamia wodi yake ilipohama kutoka mafaili ya karatasi kwenda kompyuta, au mwalimu aliyeratibu mitihani ya shule nzima, huenda amekwisha kuifanya sehemu ngumu zaidi ya kazi hiyo bila mtu yeyote kuiita kwa jina lake.

Kwa sababu hiyo ninamshauri anayetaka kuhama abadilishe kitu kimoja kwa wakati: ama sekta, ama aina ya shughuli. Muuguzi anaweza kubaki katika afya lakini akakagua madai ya bima, akasimamia kumbukumbu za majaribio ya dawa, au akawafundisha watumishi wa hospitali kutumia mfumo mpya. Mwalimu anaweza kuandaa mafunzo ya wafanyakazi wa kampuni. Mabadiliko ya aina hii mara nyingi huhitaji miezi michache ya kujifunza, kwa kuwa linaloongezwa ni jambo dogo juu ya msingi uliokwisha kujengwa. Muuguzi huyo huyo akiacha yote ili ajifunze kuandika programu, atashindana na vijana wengi wenye cheti kama chake, huku kile ambacho kingemtofautisha nao amekiacha nyuma. Tangu Google ilipoanza mwaka 2018 kutoa mafunzo ya usaidizi wa kompyuta kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, vyeti vya namna hiyo vimekuwa vingi sana. Elimu yake ni ya kweli, ila cheti walichonacho wengi hakimpi mwajiri sababu ya kumchagua mmoja.

Suala la uhuru wa saa ni gumu zaidi, na hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Claudia Goldin, mchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2023, ameonyesha kwamba kazi nyingi zenye malipo makubwa hulipa hivyo kwa sababu humtaka mtu awe tayari usiku na mchana, na anayeomba saa zinazotabirika hupoteza kipato kikubwa kuliko uwiano wa saa alizopunguza. Yeye na mwenzake Lawrence Katz walipowachunguza wafamasia wa Marekani walikuta hali tofauti. Dawa zilikuwa zimesanifishwa, taarifa za mgonjwa zimo kwenye kompyuta, na mfamasia mmoja aliweza kuendelea pale mwenzake alipoishia. Hivyo aliyefanya kazi saa chache alilipwa kwa saa karibu sawa na wengine, na malipo yenyewe yalibaki mazuri. Nadhani hilo ndilo swali la kuuliza kwenye usaili: je, mwenzangu anaweza kuichukua kazi hii kesho bila mteja kudhurika? Kazi inayofanyiwa nyumbani lakini isiyoweza kushikwa na mwingine itamfuata mtu mezani na kitandani.

Anayefikiria kujiajiri naye apige hesabu kamili, kwa kuwa malipo yanayoonekana makubwa kwa saa hayana likizo, bima wala pensheni ndani yake, na saa za kutafuta wateja hazilipwi na mtu.

Pengine hata kuhama hakuhitajiki. Nchini Uingereza, tangu Aprili 2024 mwajiriwa ana haki ya kuomba utaratibu tofauti wa saa kuanzia siku yake ya kwanza kazini, ingawa mwajiri anaweza kukataa kwa sababu zilizotajwa na sheria. Hata pasipo sheria kama hiyo, ombi lililoandikwa vizuri na mtu ambaye kazi yake inafahamika lina uzito kuliko ombi la mgeni.

Likikataliwa, ningeanza kwa kusoma matangazo ya ajira ya kazi ninayoitaka, yasipungue ishirini, nikiandika kila sifa inayojirudia na kuweka alama kwenye zile ninazozimiliki tayari. Kozi ya kulipia ni ile tu inayoziba pengo lililobaki kwenye orodha hiyo.