Alama Zifungue Mlango, Zisipange Foleni

Mwanzoni mwa 2024 chuo cha Dartmouth nchini Marekani kilitangaza kwamba waombaji watalazimika tena kuleta alama za SAT au ACT, mitihani ya kupima walio tayari kuingia vyuo vya huko. Miaka michache kabla ya hapo ilikuwa hiari: aliyeziridhia alama zake alizituma, asiyeziridhia alikaa nazo. Watafiti wa chuo walipochunguza ni nani waliokaa nazo, walikuta jambo ambalo limeninyima raha tangu nilipolisoma. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa familia za kipato cha chini waliopata kama 1400 kati ya 1600. Waliziona alama hizo ndogo wakilinganisha na zile zinazotajwa kwa wanaopokewa pale. Kumbe kwa maofisa wa udahili, 1400 kutoka kwenye shule isiyo na kitu ni ushahidi wa nguvu, na ingewaongezea nafasi ya kuchaguliwa. Waliificha wenyewe karata iliyokuwa iwaokoe, kwa sababu hakuna aliyewaambia waitoe. Mtoto wa mwenye nacho hakosi mtu wa kumwambia.

Kwa muda mrefu nilikuwa upande wa wanaotaka mitihani hii ifutwe. Nimehama, ila sijahamia kwa wale wanaotaka alama ziamue kila kitu. Ninaamini alama ina swali moja tu la kujibu: je, mwombaji huyu ataimudu kazi ya darasani akifika? Jibu likiwa ndiyo, iwekwe pembeni na isiulizwe tena.

Chuki dhidi ya mtihani huu ina mizizi, na sitaki kuipuuza. SAT ya kwanza ilifanywa Juni 1926 na watahiniwa wapatao 8,000. Aliyeongoza utungaji wake, Carl Brigham wa Princeton, miaka mitatu kabla alikuwa amechapisha kitabu kilichopanga akili za watu kwa asili zao, wenye asili ya Ulaya Kaskazini wakiwekwa juu. Mwaka 1930 aliyakana madai hayo kwa maandishi, lakini mtihani ulikuwa umekwisha shika njia. Herufi ya katikati ya jina SAT ilisimamia neno la Kiingereza aptitude, kipaji, yaani kitu ambacho mtu huzaliwa nacho, hadi miaka ya 1990. Leo herufi hizo tatu hazisimamii neno lolote. Kwa miaka mingi mtihani ulikuwa na maswali ya kulinganisha jozi za maneno, na hadi leo watu hulikumbuka lile lililomtaka mtoto ajue jina la mashindano ya mashua za makasia. Aliyekulia karibu na klabu ya mashua alilijibu bila kufikiri. Ambaye hajawahi kuiona alipoteza alama, na alama hiyo ikasomwa kama upungufu wa akili. Maswali ya aina hiyo yaliondolewa 2005.

Pengo la mali nalo halijaondoka. Watafiti wa Opportunity Insights, kituo kilichoko Harvard, waliunganisha alama za SAT na ACT na kumbukumbu za kodi za wazazi. Katika familia tajiri kabisa, karibu theluthi moja ya watoto hupata 1300 au zaidi. Katika familia za kipato cha kati hawafiki asilimia 5. Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kuwa ya vipaji. Ni ya shule, ya tuisheni, ya vitabu vilivyokuwa nyumbani tangu mtoto hajajua kusoma, ya mzazi aliyekuwa na muda jioni.

Nilikuwa nikifika hapo ninafunga mjadala: mtihani unabagua, ufutwe. Sikuwahi kujiuliza ukifutwa nafasi yake inachukuliwa na nini.

Inachukuliwa na vitu vingine vilivyomo kwenye faili la mwombaji. Kuna insha, kuna barua za mapendekezo, kuna orodha ya klabu na michezo na safari za kujitolea, na kuna alama za darasani. Nianze na insha, kwa sababu hiyo niliishika kwa mikono yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia mtoto wa ndugu yangu kuandaa maombi ya chuo kimoja cha Marekani. Insha yake ya kwanza ilikuwa na makosa ya sarufi na ilikuwa yake kabisa: alieleza jinsi alivyofufua redio iliyokufa kwa kubomoa nyingine mbili na kuchukua vipuri. Nikairekebisha kidogo. Mwalimu wake akairekebisha zaidi. Rafiki wa familia aliyesoma huko akaongeza aya ya mwisho kuhusu ndoto na jamii. Tulipoituma ilikuwa imenyooka kama rula, na kijana hakuwamo tena ndani yake. Hatukukusudia udanganyifu. Tulimpenda, basi kila mmoja akatia mkono. Familia yenye uwezo wa kumlipa mshauri wa udahili tangu mtoto yuko kidato cha chini inatia mikono mingi kuliko yetu, na yenye utaalamu zaidi. Siku hizi kuna programu za akili unde zinazoandika insha nzima kwa dakika moja.

Alama ya mtihani ndiyo karatasi pekee katika faili hilo ambayo haikuandikwa na mtu anayemfahamu wala anayemtakia mema mwombaji.

Watafiti wale wale wa Opportunity Insights walitoa matokeo mengine 2023. Waliangalia vyuo 12: vinane vya Ivy League, kundi la vyuo vya kifahari vya mashariki mwa Marekani, pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Wakachukua vijana wenye alama sawa za mtihani, halafu wakauliza nani kaishia humo. Watoto wa asilimia 1 ya familia tajiri zaidi walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili kuliko watoto wa familia za kati. Kilichowavusha ni upendeleo kwa watoto wa wahitimu wa vyuo hivyo, nafasi za wanamichezo, na tathmini zisizo za kitaaluma, zile za haiba, uongozi na shughuli za nje ya darasa. Hapo alama zilikuwa sawa, kwa hiyo huwezi kuutupia mtihani lawama. Fedha ilipita kwenye milango laini, ile isiyo na kipimo cha kuonekana. Tukiubomoa ukuta mmoja wenye kipimo na kuiacha milango hiyo wazi, tunamfanyia kazi nani?

Najua mtihani nao hununulika. Kashfa ya 2019 iliyopewa jina la Varsity Blues ilifichua wazazi waliolipa ili majibu ya watoto wao yasahihishwe baada ya mtihani. Lakini kashfa hiyo hiyo ilifichua wengine waliolipa ili watoto wao waingizwe kama wanamichezo wa michezo wasiyoicheza. Wa kwanza walihitaji msimamizi aliyehongwa na mtu wa kufanya mtihani kwa ajili ya mwingine. Kwa wa pili zilihitajika picha na kocha mmoja. Ulaghai wa mtihani angalau ni mgumu.

Zimebaki alama za darasani. Wengi husema hizo zinatosha, kwa kuwa ni kazi ya miaka minne, si ya asubuhi moja. Hoja hiyo naiheshimu. Mwanafunzi anayehudhuria, anayemaliza kazi, asiyekata tamaa, huonekana humo kuliko mahali pengine popote. Tatizo ni kwamba A ya shule moja si A ya shule nyingine, na mwalimu anayejua kwamba chuo kinaangalia alama zake peke yake hubanwa na wazazi, na mkuu wa shule, na hata huruma yake mwenyewe. Chuo Kikuu cha California kiliyaona matokeo yake. Mwaka 2020 jopo la wahadhiri wake lilichunguza takwimu, likaona kwamba mitihani inatabiri vizuri maendeleo ya mwanafunzi chuoni, likashauri isiondolewe haraka. Bodi ikaamua kuiondoa. Novemba 2025 kampasi ya San Diego ikatoa ripoti yake yenyewe: kati ya 2020 na 2025, wanafunzi wapya wenye hisabati iliyo chini ya kiwango cha sekondari ya juu waliongezeka karibu mara 30, hadi kufikia takriban mmoja kati ya wanane. Ripoti ilitaja janga la korona, kuondolewa kwa mitihani, na kuvimba kwa alama za shuleni. Darasani kwenye kozi ya kuwarudisha nyuma kujifunza upya walikuwamo waliotoka sekondari na A tupu za hisabati.

Nawafikiria hao wenye A tupu. Kwa miaka minne waliambiwa wanajua. Hakuna aliyewaonyesha shimo lilipo wakati bado kuna muda wa kulifukia. Wanakuja kuligundua chuoni, pengine wakiwa na mkopo mabegani, ndani ya ukumbi wa watu mia tatu. Wanaosema mtihani ni ukatili wanasahau ukatili huu.

Basi kwa nini nisiseme alama zipange foleni, wa juu kabisa aingie kwanza? Kwa sababu kipimo hakina ukali huo. College Board, wanaoitoa SAT, wao wenyewe hueleza kwamba alama ya kila sehemu ina ukungu wa takriban alama 30 hadi 40 juu au chini. Mtoto yule yule akirudia wiki ijayo anaweza kuangukia popote ndani yake. Kumchagua wa 1540 na kumwacha wa 1510 ni kuchagua ukungu. Isitoshe vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu kutoka kwenye mitihani tofauti, kwa hiyo mwenye nauli na ada ya kurudia mara nne anajipandisha ngazi ambazo hazihusiani na anachokijua. China imejenga udahili wake juu ya mtihani wa kitaifa wa Juni, gaokao, ambao mwaka 2025 uliandikisha zaidi ya watu milioni 13. Huko tofauti ya alama moja huamua maisha, na utoto mzima huliwa na maandalizi. Sitamani tufike huko.

MIT waliporudisha mitihani Machi 2022 walieleza msimamo ambao naukubali: wanatafuta uthibitisho kwamba mwanafunzi yuko tayari kwa hisabati ya mwaka wa kwanza, na wakishaupata, alama zaidi ya hapo haziongezi kitu. Kiwango hicho kila chuo kinaweza kukipata kwenye kumbukumbu zake, kwa kuangalia waliofaulu na walioanguka waliingia na nini. Karibu na mstari huo, alama isomwe pamoja na shule ilikotoka. Juu ya mstari, chuo kichague kwa vigezo vyake vya haki, na mimi singeona aibu hata kura ya bahati nasibu ikipigwa kwa nafasi za mwisho. Uholanzi ilitumia kura miaka mingi kuwapata wanafunzi wa udaktari wa tiba. Upendeleo kwa watoto wa wahitimu ufutwe bila mjadala.

Yote haya lakini yanaanza na mtoto kukaa kwenye kiti cha mtihani. Michigan iliamua kuanzia 2007 kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa kumi na moja atafanya mtihani wa kuingia chuo, bure, shuleni kwake, siku ya masomo. Mchumi Joshua Hyman alipolinganisha hali ya kabla na ya baada, alikuta kwamba kwa kila wanafunzi maskini 10 waliokuwa wakijitokeza na kufikia kiwango cha chuo, walikuwapo wengine watano ambao wangekifikia lakini hawakuwahi kuufanya mtihani. Walikuwa wamekaa darasa moja na wenzao, wakitembea korido zile zile. Hakuna insha iliyowataja, hakuna barua iliyowaombea, na wao wenyewe hawakujua.