Fisadi ni nani hasa?

Kuna neno moja hapa Tanzania likishakuganda halibanduki, nalo ni fisadi. Mwizi anafungwa, anatoka, maisha yanaendelea, ila fisadi hata kituo cha polisi hajafika na tayari ni fisadi mpaka wajukuu. Mimi naona neno hili limetufanya wavivu wa kuuliza maswali.

Wazee wa pwani ukiwaambia fulani ni fisadi, cha kwanza wanaangalia mabinti zao wako wapi, maana kwao fisadi ni yule mwanaume mharibifu, mzinzi asiyejizuia. Haya ya mikataba na mabilioni ndio tuliyoyakoleza sisi. Lilipamba moto Septemba 2007, Dk. Slaa, katibu mkuu wa Chadema, chama cha upinzani, alipopanda jukwaani pale Mwembeyanga, Temeke, akasoma orodha ya majina ya wakubwa aliowaita mafisadi, baadae hela za EPA, ile akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu, zikawa gumzo kwa kuchotwa, bilioni 133 jamani, halafu Februari 2008 Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme wa dharura, ikamng'oa Lowassa kwenye uwaziri mkuu. Kuanzia hapo kila kijiwe cha kahawa kikawa na fisadi wake.

Na tuseme ukweli, mwanzoni neno lilisaidia, wakubwa walianza kuogopa kusemwa. Ila sasa angalia kilichofuata. Julai 2015 Lowassa huyohuyo anahamia Chadema, anapewa kugombea urais, na watu wale wale waliotuimbia fisadi fisadi miaka yote wanageuka wanatuambia kama una ushahidi nenda mahakamani, na huku CCM waliokaa nae miaka nenda rudi nao ndio wanagundua kumbe hafai! Slaa akashindwa kuvumilia, akaachana na siasa. Lowassa akapata kura milioni 6 na ushee. Mwaka 2019 akarudi CCM na neno likayeyuka kabisa, mpaka anafariki Februari 2024 hakuna mahakama iliyowahi kumtia hatiani kwa Richmond. Mimi simtetei wala simhukumu, nachosema ni kwamba katika safari yote hiyo kilichobadilika ni kadi ya chama tu.

Sio mara ya kwanza kwetu. Baada ya Azimio la Arusha tulikuwa na mnyonyaji na kupe. Mwaka 1983 kwenye ile vita ya Sokoine, waziri mkuu wa wakati ule, dhidi ya wahujumu uchumi likatamba mlanguzi, na nchi ilikuwa haina sabuni wala sukari, kwahiyo mwenye duka lenye vitu ndani alikuwa wa kutiliwa shaka tu, na lile swali la kwa nini viwanda havizalishi halikuwa tamu kama kumnyooshea kidole Mhindi au Mpemba mwenye duka.

Hata serikali inajua fisadi halifai kuandikia hati ya mashtaka. Mwaka 2016 tulitangaziwa mahakama ya mafisadi, watu wakashangilia, ila jina lake rasmi ni Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi ya Mahakama Kuu. Si umeona? Wakili akisimama pale itabidi aseme nani alipokea nini, kutoka kwa nani, kwa kazi gani. Sisi mitandaoni tunaruka hizo hatua zote, tunapiga picha ya ghorofa ya mtu Mbezi Beach tunaandika fisadi, komenti 300, kesho tumesahau, na aliyesaini mkataba wenyewe yupo ofisini anakunywa chai na vitumbua.

Siku hizi limeshuka bei mpaka kwenye vikoba, vile vikundi vya kuweka na kukopa. Mweka hazina daftari lisipobalansi kwa elfu ishirini anaitwa fisadi kwenye grupu la Whatsapp, mbele ya wakwe zake, kabla hata mtu hajafungua hilo daftari akajumlisha upya.