Shabaha Nayo Ikaguliwe: Haki katika Mashindano ya Timu ya Bunduki za Baruti Nyeusi

Wapenzi wa bunduki za kihistoria wanaweza kubishana mchana kutwa kuhusu ubora wa baruti, umbo la risasi na uhalali wa bunduki iliyoundwa upya kwa mfano wa zamani, lakini ni wachache wanaouliza shabaha yenyewe imetengenezwa kwa kitu gani. Mimi naamini kwamba katika mashindano ya timu yanayoamuliwa kwa saa, shabaha ni sehemu ya kipimo, na inastahili kukaguliwa kwa ukali uleule unaotumika kukagua bunduki.

Katika mashindano ya kimataifa yanayosimamiwa na MLAIC, shirikisho la vyama vya wapiga bunduki zinazoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu, tatizo hili karibu halipo. Mshindani hupewa dakika 30 za kufyatua risasi 13 kwenye karatasi, na 10 zilizo bora ndizo zinazohesabiwa. Karatasi haijali kama risasi imefika kwa kasi au kwa uchovu: tundu likishatoboka, alama imepatikana, na mwamuzi anaweza kulipima baadaye kwa utulivu.

Hali ni tofauti kabisa Marekani, katika mashindano ya North-South Skirmish Association, chama cha wapiga bunduki za enzi ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani kilichoanza mwaka 1950 na ambacho uwanja wake mkuu, Fort Shenandoah, uko karibu na Winchester, Virginia. Huko timu ya bunduki ndefu huwa na watu 8 wanaosimama mstari mmoja, kila mmoja akishindilia bunduki yake kwa mdeki kama tulivyozoea kuona kwa wenye magobore, na wote hufyatulia shabaha zinazovunjika zilizowekwa umbali wa yadi 50 au 100. Zinaweza kuwa visahani vilivyobandikwa kwenye ubao, vigae vinavyoning'inia, au vyungu vidogo vya maua. Saa huendelea kuhesabu mpaka shabaha ya mwisho ianguke, na timu yenye jumla ndogo ya muda ndiyo mshindi. Kwa hiyo kuvunjika kwa shabaha ndiko kunakosimamisha saa.

Askari wa miguu wa karne ya 19 alitarajiwa kufyatua risasi 3 kwa dakika, yaani sekunde 20 kwa kila risasi, na hata mshindani hodari wa leo hawezi kukwepa kazi ya kumimina baruti, kushindilia risasi na kuweka fataki, yaani kikofia kidogo kinachowasha baruti. Shabaha zikiwa bado nyingi, kisahani kimoja kikaidi hakileti madhara makubwa, kwa kuwa vingine vinaendelea kuanguka. Madhara huja mwishoni, kimebaki kimoja tu, kimeshatobolewa katikati lakini kimekaa palepale, na watu wote 8 wanashindilia upya ili wapige kitu ambacho mwenzao amekwisha kukipiga. Timu hiyo imeonyesha ustadi uleule wa timu ya jirani, lakini karatasi ya matokeo itasema vingine.

Visahani vinavyoitwa vya udongo hutengenezwa siku hizi kwa unga wa chokaa uliochanganywa na lami, navyo vilibuniwa kwa kazi nyingine: kurushwa hewani vikizunguka kwa kasi na kupigwa na marisau mengi kwa pamoja. Ukikibandika kisahani hicho kwenye ubao na kukipiga kwa risasi moja ya Minié, yaani risasi yenye ncha ya pia iliyotumiwa na majeshi ya karne ya 19, ya kipenyo cha inchi 0.58, yenye uzito wa gramu 32 hivi, mara nyingi kitasambaratika, lakini wakati mwingine risasi itapita na kuacha tundu safi. Lami hulainika kwenye joto, kwa hiyo boksi lililoachwa juani tangu asubuhi halilingani na lililokaa kivulini. Hata namna kisahani kinavyoshikiliwa ni muhimu, kwa sababu kilichoegemezwa vizuri nyuma hakipasuki kwa wepesi kama kilichoachwa huru. Malalamiko ya aina hii yana umri mrefu: visahani vya kwanza vya George Ligowsky wa Cincinnati, mwaka 1880, vilikuwa vya udongo uliochomwa, na vingine vilikuwa vigumu kiasi kwamba marisau yalivigonga bila kuvivunja.

Vigae vina shida ndogo zaidi. Risasi ikikipata kigae katikati, hakuna ubishi, lakini ikikwangua pembeni huondoa kipande tu, na hapo kila nahodha huwa na tafsiri yake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba shabaha ngumu huwafundisha watu tabia mbaya. Kipimo cha kijeshi cha wakati huo kwa kila risasi kilikuwa gramu 3.9 hivi za baruti, lakini washindani wengi hutumia pungufu kwa sababu bunduki hutulia na risasi hupiga karibu karibu. Pale shabaha inapodai nguvu badala ya usahihi, mtu hushawishika kuongeza baruti, na wengine bunduki zao zina mitutu ya zaidi ya miaka 150. Hakuna kanuni inayopaswa kumsukuma mtu huko.

Wapo wanaosema kwamba bahati hujisawazisha kadiri mizunguko inavyoongezeka. Siikubali hoja hiyo, kwa sababu timu hukutana mara chache kwa mwaka na mizunguko ya siku moja huhesabika kwa vidole. Dawa yake, tena, si ghali. Shabaha zote za shindano zinunuliwe kwa mkupuo mmoja, maboksi yachanganywe mbele ya manahodha kabla ya kugawiwa, na yahifadhiwe kivulini mpaka dakika ya kutundikwa. Kanuni itamke kabla ya risasi ya kwanza kwamba shabaha iliyotobolewa imehesabiwa, na mwamuzi mwenye darubini awe na mamlaka ya kutangaza hivyo papo hapo, badala ya kusubiri rufaa baada ya saa kusimama.

Jambo hili litazidi kuwa muhimu kwa sababu malighafi ya shabaha inabadilika. Lami ya visahani ina sumu, na imewahi kuua nguruwe waliokula vipande vilivyoachwa mashambani, ndiyo maana watengenezaji wameleta visahani visivyo na lami. Mabadiliko hayo nayaunga mkono kwa moyo wote, ila naomba yaanze mwanzoni mwa msimu, kwa timu zote siku moja, na baada ya visahani hivyo kujaribiwa kwa aina zote za bunduki na bastola zinazoruhusiwa uwanjani, kwa kipimo kidogo cha baruti ambacho washindani hukitumia kweli.